Kulea programu, kulea mtoto, na ile tarehe 5 Februari

Nimepotea, najua. Walioniuliza niko wapi niliwajibu kwamba nalea, na jibu hilo lilikuwa la kweli mara mbili, kwa maana nina watoto wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja ni binti yangu, aliyezaliwa Juni 2022. Mwingine ni programu ya chama cha mama yangu, niliyoianza Septemba 2021, na ambayo mke wangu huiita "kifungua mimba wako" kila anapotaka kunichoma.

Sisi waandishi wa programu tunapenda sana kuziita kazi zetu watoto. Mtu anakuonyesha kitu alichokesha nacho wiki mbili na kukwambia, "Huyu ndiye mtoto wangu." Mimi nilidhani ni maneno ya kujipendekeza tu. Programu haina homa, haimwagi uji kitandani, na ukichoka nayo unafunga kipakatalishi unalala. (Neno hilo kipakatalishi tulipewa na walimu wa Kiswahili. Wenzangu kazini wananicheka nikilitumia lakini mimi nalipenda, acheni wacheke.) Kisha ukaja mwezi wa pili mwaka 2025, na katika usiku mmoja wote wawili wakaugua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama kwa jicho lingine.

Nianze na programu, kwa sababu ndiyo niliyodhani naijua vizuri.

Mama yangu anakaa Changamwe, Mombasa. Yeye na akina mama wenzake, jumla yao 23, wana chama cha kuchangishana. Kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na zile shilingi 46,000 hupewa mmoja wao kwa zamu. Huyu analipa karo, yule anaezeka paa, mwingine ananunua friji ya kuuzia barafu na juisi. Kumbukumbu zote zilikuwa ndani ya daftari moja la mweka hazina, hadi siku moja daftari likanyeshewa na wino ukatiririka. Mama akanipigia simu: "Wewe si ndiye uliyesomea tarakilishi? Tutengenezee kitu kisichonyeshewa."

Nikakitengeneza. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mwanachama anatuma mchango kwa simu ya mweka hazina, ujumbe wa M-Pesa unaingia, programu inausoma na kuchomoa vitu vitatu: jina, kiasi na tarehe. Vitu hivyo vinaandikwa kwenye kitabu kilichoko kwenye seva. Siku ya mwisho ya kuchanga ikipita, programu inaangalia nani hajatoa, inamwandikia faini ya shilingi 200, na saa kumi na mbili asubuhi inayofuata inamtumia ujumbe wa kumjulisha. Faini si wazo langu. Ni sheria yao wenyewe, iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari, na ukurasa huo ndio pekee ambao haukunyeshewa.

Wiki ya kwanza tu programu ilinitia aibu. Ilituma ujumbe kwa wote: "Mkutano ni Jumamosi saa 10 asubuhi." Mnacheka? Nami niliandika hivyo nikiwa na akili timamu, kwa sababu saa ya tarakilishi ilisema 10:00 na mimi nikaichukua kama ilivyo. Mama mmoja mzee akampigia mweka hazina kumuuliza kama hiki bado ni chama au kimegeuka kesha la maombi, maana saa kumi hata jogoo hajawika sawasawa. Mkutano ulikuwa wa saa nne. Nikaandika mistari mitatu ya kutoa sita katika saa kabla ya kuitamka, tukacheka, yakaisha.

Sikupaswa kuacha yaishe. Mashine ilikuwa imenionyesha mapema kwamba imekuja na mazoea ya watu waliokuwa nayo kabla yangu, watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane badala ya jua linapochomoza. Nilirekebisha saa. Sikujiuliza ni mazoea gani mengine iliyokuja nayo.

Basi kwa miaka mitatu na kitu programu ikakua bila shida. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa na majaribio 140, yaani mistari ya msimbo ambayo kazi yake ni kuupima msimbo mwingine, na kila nikibadilisha kitu yote yalipita. Nakala za kumbukumbu zilikuwa mahali patatu. Nilimweleza mke wangu jambo hilo la nakala tatu mara nyingi kuliko alivyotaka kulisikia.

Januari 2025 chama kikafanya uamuzi mdogo sana. Tangu zamani walikuwa wakichanga mwisho wa mwezi, kuanzia tarehe 25. Lakini wengi wao sasa ni wazee wanaotumiwa pesa na watoto wao, na watoto hulipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hela inafika Changamwe tarehe mbili, tarehe tatu. Wakakubaliana siku ya mwisho ya kuchanga iwe tarehe 5. Mama akanijulisha, nami nikabadilisha tarakimu moja mahali pamoja, nikayaendesha majaribio yangu 140, yakapita yote, nikaenda kula.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari binti yangu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Kipimajoto kilisoma 39.4. Tukampa dawa ya maji ya kushusha homa, tukamvua nguo, tukampangusa kwa kitambaa chenye maji, homa ikashuka kidogo na kupanda tena. Alikuwa analia akishika sikio. Mke wangu akasema kukipambazuka tu tunaenda zahanati.

Saa kumi na mbili na dakika kumi simu ikalia. Ni mama.

"Baba, umenifanyia nini?"

Hakunisalimu. Mama yangu, ambaye huuliza habari za watu wa nyumba yangu mmoja mmoja kabla ya kusema analotaka, hakunisalimu. Programu ilikuwa imewatumia akina mama 22 ujumbe wa faini kwa kutochanga Februari. Wote 22 walikuwa wamechanga. Na yeye, mama wa mwenye programu, peke yake kati ya 23, hakupata ujumbe wowote.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni kwake akiwa bado na leso ya kulalia. Alimuuliza swali moja ambalo mama alinirudia neno kwa neno: "Hii programu ya mwanao inakujua wewe tu?"

Ukiwa hukulia kwenye nyumba ya chama huenda usione uzito wa swali hilo. Hicho chama hakina wakili wala stakabadhi za benki. Kina imani. Mwanamke anatoa 2,000 zake mwezi baada ya mwezi akiamini kwamba zamu yake ikifika, wengine 22 watamtolea. Mama amekaa na wale wanawake tangu mimi sijaanza shule. Na asubuhi ile walikuwa wanatazamana wakijiuliza kama amemtumia kijana wake kuwaibia shilingi 200 kila mmoja.

Nitawaeleza kilichotokea kisha nirudi zahanati.

Ujumbe wa M-Pesa huandika tarehe kama tunavyoiandika sote hapa: siku, mwezi, mwaka. Tarehe 5 Februari 2025 ni 5/2/25. Mimi sikuandika mwenyewe msimbo wa kusoma tarehe. Hakuna anayefanya hivyo, maana ni kazi ya kuchosha yenye mitego mingi. Nilitumia maktaba ya lugha ya Python ambayo watu wengi wanaitumia, nikaikabidhi ile 5/2/25 nayo ikanirudishia tarehe. Sasa, maktaba ile usipoiambia lolote inasoma mwezi kwanza, kama Wamarekani. Kwake 5/2/25 ni Mei 2. Aliyetoa tarehe 3 Februari aliandikiwa Machi 2. Aliyetoa siku ya mkutano, tarehe 1, aliandikiwa Januari 2. Kwa hiyo Februari ilipohesabiwa, vyumba vyao vilikuwa vitupu.

Na mama yangu? Alituma Jumapili alipotoka kanisani. Tarehe 2 mwezi wa 2. Hiyo 2/2 isome utakavyo, mbele au nyuma, ni ile ile.

Swali linalobaki ni kwa nini haikuonekana miaka yote ile. Ni kwa sababu maktaba ile ina huruma. Ukiipa 28/4/23 inaona hakuna mwezi wa 28, basi inageuza yenyewe kimyakimya na kusoma siku kwanza, bila kunung'unika na bila kukuambia. Akina mama walikuwa wakichanga kuanzia tarehe 25. Kila tarehe iliyopita mbele yake ilikuwa kubwa kuliko 12. Majaribio yangu 140 niliyatunga kwa kunakili ujumbe halisi wa mweka hazina, na ujumbe wote ulikuwa wa tarehe 26, 28, 30. Nilikuwa nimeipima mara 140 kwenye barabara ile ile iliyokuwa ikipita kila mwezi.

Dalili ilikuwepo lakini, na hili ndilo linaniuma. Niliporudi nyuma kwenye kumbukumbu niliona kwamba Aprili 2023 mwanachama mmoja alichelewa mchango wa Machi na kuutoa tarehe 3/4. Programu ilimwandikia Machi 4, yaani kama aliyewahi. Hakutozwa faini. Alijua amechelewa, akaona hakuna ujumbe, akanyamaza. Nani atalalamika kosa likimpendelea? Mama anasema hata nyumbani ni hivyo, mtoto akiwa na tabia mbaya inayokupunguzia kazi hutaiona kuwa ni tabia mbaya.

Dawa ilikuwa neno moja la kuiambia maktaba isome siku kwanza. Neno moja! Lakini nilihitaji kukaa na tarakilishi kulitia, kurudisha kitabu kilivyokuwa jana yake, na kufuta faini zote. Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati.

Nilikuwa nimebeba kipakatalishi. Nikakifungua pale pale, nikaunganisha intaneti ya simu. Mke wangu amempakata mtoto, mtoto analia ile sauti ya chini ya mtu aliyekwisha kuchoka kulia. Mbele yetu kulikuwa na watu watano. Nilijiambia dakika nne zinatosha. Na kweli, kurudisha kitabu kulichukua dakika nne. Lakini mama akapiga tena, na mweka hazina naye akapiga, nikainuka kwenda kuongea nje kwa sababu ndani hakusikiki, nikarudi, nikaanza kuandika ujumbe wa kuomba radhi kwa akina mama 22. Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Walikuwa wameshaitwa. Mke wangu alikuwa ameingia peke yake kwa daktari akiwa na mtoto, mkoba, na kile kijitabu cha kliniki.

Lilikuwa sikio, maambukizi, akapewa dawa ya siku saba na akapona. Namshukuru Mungu. Njiani kurudi nilijaribu kujieleza. Nikasema mama alikuwa anaaibishwa kule, nikasema ni watu 22, nikasema hakuna mwingine anayejua msimbo ule. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ile ina nakala tatu. Huyu ni mmoja."

Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa nalo.

Chuoni tulifundishwa kuhusu Meir Lehman, aliyefanya kazi IBM kisha akawa profesa Imperial College London. Mwaka 1974 alianza kuandika kanuni zake kuhusu jinsi programu zinavyokua. Ya kwanza inasema, kwa maneno yangu, kwamba programu inayotumika na watu katika maisha yao lazima ibadilishwe daima, la sivyo inazidi kutowafaa. Haiharibiki kama chuma kinavyoota kutu. Mistari yake ni ile ile. Dunia iliyoizunguka ndiyo inayosogea, kama akina mama walivyosogeza mchango kutoka tarehe 25 hadi tarehe 5, na ghafla kitu kilichokuwa ndani tangu siku ya kwanza kikajitokeza. Niliijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Nilidhani inahusu programu kubwa za mabenki.

Mfano wanaopenda kuusimulia walimu ni wa chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter. Tarehe 23 Septemba 1999 kilifika kwenye sayari ya Mars baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa na kikapotea, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na ya upande wa pili ikazipokea ikidhani ni vipimo vya metriki. Hakuna aliyefanya hesabu vibaya. Kila upande uliamini mwingine anahesabu kama yeye. Nikiwa darasani nilicheka: watu wanaofika Mars wanashindwaje kukubaliana kipimo? Sicheki tena. Mimi nimeshindwa kufika Changamwe.

Tarehe nazo zina dawa yake tangu zamani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, kinaagiza mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-02-05. Ukiandika hivyo hakuna wa kukusoma kinyume. Ndani ya kitabu changu zote zimeandikwa hivyo, safi kabisa. Shida ilikuwa mlangoni, pale tarehe ya watu inapogeuzwa kuwa tarehe ya mashine. Kuna kitu nilikigundua nikiwa nimeshika kile kijitabu cha kliniki. Tangu mtoto azaliwe, wauguzi wameandika humo tarehe za kurudi: chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, ya surua miezi 9 na tena miezi 18. Zote kwa kalamu, siku kisha mwezi, nyingine mwandiko haueleweki, na hatukuwahi kukosea hata moja. Muuguzi na mimi tumekulia katika mazoea mamoja, basi hatuhitaji kuelezana. Maktaba niliyoichukua kwenye mtandao haikukulia nasi, wala mimi sikuwahi kukaa nayo chini na kuiambia huku kwetu tunasomaje.

Katika kazi yetu kuna jina la kile ambacho programu inafanya usipoiambia la kufanya. Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili wanakiita chaguo-msingi. Ni jina zuri, ila linanitatiza kidogo, kwa sababu mimi sikuchagua. Mtu mwingine alichagua miaka mingi iliyopita katika nchi nyingine kwa sababu nzuri za kwao, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Sasa nije kwa huyu mwingine.

Sikioni amepona, wiki mbili zimepita, ni jioni. Mke wangu ameandaa chakula na kumwita mtoto. Alikuwa ameketi sakafuni, amenigeuzia mgongo. Amepata boksi tupu la viatu, amefungua kifuniko kikasimama, na anapigapiga ndani ya boksi kwa vidole vyote kumi. Mama yake akamwita mara ya pili. Bila kugeuka, akainua kidole kimoja juu, cha shahada, akasema: "Dakika mbili."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama sahani.

Kidole kile ni changu. Sijawahi kumfundisha. Nimemfundisha kuhesabu hadi ishirini, rangi, shikamoo ya bibi yake, kusema asante, kunawa mikono. Nilikuwa na orodha. Nilisoma hata makala kuhusu umri upi mtoto aanzishwe lugha ya pili. Na wakati nimeinamia orodha hiyo, yeye alikuwa anajaza nafasi zote nilizoziacha wazi kwa kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni mgongo wangu na kidole. Kwa programu, palipokuwa kimya pangu palijazwa na Mmarekani. Kwa mtoto palijazwa na mimi, yule ambaye sikuwa nimepanga awe anaonekana.

Na hapo ndipo kufanana kunapokwisha, kwa sababu nilipata kosa la tarehe na nikalifuta kwa neno moja. Nilirudi nyuma kwenye historia ya msimbo, nikaona siku na saa niliyoandika ule mstari: Septemba 19, 2021, saa tano usiku. Mtoto hana historia ya namna hiyo. Siwezi kujua ni jioni ipi alikichukua kidole changu. Siwezi kumrudisha kwenye nakala ya jana. Hata kile kitu cha upande wa programu kilicho karibu na mtoto, yaani ujumbe uliokwisha kutumwa, sikuweza kukirudisha. Faini nilizifuta kitabuni, lakini zilikuwa zimeshasomwa kwenye simu 22 alfajiri ile, na maji yakimwagika hayazoleki.

Najua wapo watakaosema natia chumvi, mtoto kuiga baba ni jambo la kuchekesha, mpige picha. Nilimpiga picha. Ninayo. Huwa naiangalia mke wangu akiwa amelala.

Nilichobadilisha ni vitu vichache. Kwenye programu, sasa nina majaribio yanayopita kila siku ya mwaka, siku 365 zote na ile ya mwaka mrefu, na tarehe yenye utata ikiingia programu inakataa na kumuuliza mweka hazina badala ya kukisia. Faini haitumwi tena yenyewe: mweka hazina anaonyeshwa orodha kwanza, na akiona majina 22 kati ya 23 atajua kuna jambo. Funguo za seva anazo pia binti wa mweka hazina, anayesoma chuo huko Mombasa. Namna anavyoandika msimbo hainipendezi, anaacha nafasi ovyo ovyo na majina yake ya vigeu ni marefu kama treni ya mizigo, lakini Novemba iliyopita kitu kilikwama usiku na akakirekebisha bila kunipigia. Nilijua asubuhi. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

Kwa mtoto sina la kujigamba. Kipakatalishi kinafungwa saa kumi na mbili jioni na kuwekwa juu ya kabati. Siku nyingine hakifungwi.

Machi 1, 2025, Jumamosi ya mkutano, nilipanda treni na binti yangu tukaenda Mombasa. Mke wangu alisema niende naye, nadhani kwa makusudi. Saa nne kamili, saa nne yetu, nilisimama mbele ya akina mama 23 kwenye viti vya plastiki na kueleza. Nilijitahidi kueleza bila maneno ya kitaalamu. Nikachukua chaki ya watoto nikaandika 5/2 sakafuni, nikasema mashine ilisoma hivi, ikasoma hivi. Yule mzee wa kesha la maombi akauliza, "Kwa nini isome kinyume? Nani aliilea?" Nikasema mimi. Sikusema Mmarekani.

Walijadiliana kidogo bila mimi. Kisha mwenyekiti akatoa hukumu: chama kina sheria, aliyekosa hutozwa. Faini 22 kwa 200 ni shilingi 4,400, na mwenye programu azilipe. Mama alikuwa anatazama chini, na nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso. Alikuwa anacheka.

Nikatoa simu nikalipa. Simu ya mweka hazina ikalia mezani. Akina mama wakainuka vitini wakamzunguka, wengine wakivaa miwani, kuangalia programu itaandika tarehe gani. 1/3/25. Palikuwa kimya kama wanasubiri matokeo ya uchaguzi. "Machi 1," mweka hazina akasoma, na mtu mmoja akapiga kigelegele.

Binti yangu alikuwa ananivuta suruali. Alitaka kuniambia jambo kuhusu kuku aliyemwona nje. Nilikuwa na simu mkononi, nasubiri ujumbe wangu wa kuthibitisha, na kidole changu kilikuwa tayari kimeanza kuinuka.